Safari ya mafunzo Uswidi: aende mwalimu wa cherehani au aende anayejua Kiingereza?

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mratibu wa mafunzo katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi mkoani Morogoro. Wengi wa tunaowafundisha ni wanawake vijana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito, ndoa au kukosa mahitaji, ambao hurudi kwetu kujifunza ushonaji, mapishi, kilimo na masomo ya sekondari kwa utaratibu wa elimu ya watu wazima. Tatizo letu kubwa si kuwapata, bali ni kuwabakiza. Wanaanza wengi Januari, na ikifika msimu wa kulima darasa limepungua.

Chuo rafiki nchini Uswidi kimetualika tupeleke wawezeshaji sita wakae nao siku 12, kisha wao walete watu watatu kwetu Februari inayofuata. Wamekubali kulipia tiketi za ndege, bima, viza, malazi na chakula. Sisi tulipie pasipoti na usafiri wa ndani. Barua yao imetuachia tuchague wenyewe watu, tarehe na mambo tunayotaka kujifunza. Nilidhani uhuru huo ungeturahisishia kazi, kumbe ndio uliotuletea mzozo.

Mkuu wa chuo ameandaa orodha yenye jina lake, la mhasibu, la ofisa mmoja wa wilaya, na watumishi watatu ambao sifa yao kubwa ni kuzungumza Kiingereza bila kukwama. Mwalimu wetu wa ushonaji hayumo. Mama huyu amefundisha miaka 14, na darasa lake ndilo linalopoteza wanafunzi wachache kuliko mengine yote. Ukiingia humo utakuta vielelezo vya magauni vimekatwa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, watoto wawili watatu wamelala juu ya kanga chini ya meza ya kukatia, na mama zao wanashona huku wakiwatazama kwa jicho la pembeni. Kiingereza hajui, pasipoti hana, na kwa kuwa analipwa kwa mkataba kutoka mapato ya chuo, hata hati ya mshahara hana. Nilipotaja jina lake kikaoni, watu walicheka.

Mkuu anataka tuondoke katika wiki mbili za mwisho za Juni kwa kuwa tutakuwa likizo, na amependekeza tutembelee taasisi tisa. Watumishi nao wanauliza posho ya safari itakuwa shilingi ngapi kwa siku. Miaka kadhaa iliyopita kundi jingine la hapa lilikwenda nje ya nchi. Waliporudi walituonyesha picha wakiwa kwenye theluji, wakatugawia peremende, na ripoti yao ya kurasa mbili ikaishia kwenye jalada la kurejesha masurufu. Naogopa tutarudia yale yale, nami ndiye nitakayeandika ripoti. Nianzie wapi?

Mratibu, Morogoro

JIBU

Marahaba, dada mratibu.

Umeniandikia mambo manne, yaani watu, tarehe, ratiba na posho, lakini kwenye barua yako kuna jambo la tano ambalo umelipita haraka, nalo ndilo la kuanzia. Umesema tatizo lenu ni kubakiza wanafunzi, kisha ukasema kuna mwalimu mmoja ambaye wanafunzi wake hawaondoki. Basi swali la safari yenu mnalo tayari: mtu mzima aliyewahi kukatiza masomo anafanyiwa nini ili abaki chuoni mpaka amalize? Andika swali hilo juu ya karatasi kabla hujaandika jina la mtu yeyote. Kila jina, kila tarehe na kila taasisi itakayopendekezwa ipimwe kwa swali hilo, na utaona kwamba mabishano mengi ya kikaoni yatakosa pa kusimama bila wewe kugombana na mtu.

Ninasema hivyo kwa sababu nimewahi kuwa upande wa pili. Zamani nilikuwa katika msafara wa watu tisa uliopelekwa Ulaya kujifunza elimu ya watu wazima, na kwa siku saba tulipitishwa katika taasisi kumi na moja. Kila mahali tulipokewa kwa kahawa, tukaonyeshwa picha ukutani, tukapewa vipeperushi, tukapanda basi. Leo nikiulizwa nilijifunza nini, ninachokumbuka vizuri ni viti vya lile basi. Wenyeji walikuwa wakarimu, ila sisi hatukuwa tumewaambia tunatafuta nini, nao wakatuonyesha kila walichokuwa nacho.

Sasa turudi kwenye swali lenu, kwa sababu huko mnakoalikwa lina historia ndefu. Vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia vilianzia Denmark, katika mji wa Rødding, mwaka 1844, kutokana na mawazo ya mchungaji Grundtvig, aliyetaka wakulima wapate elimu isiyokuwa ya mitihani. Uswidi ilifungua vya kwanza mwaka 1868. Vyuo vyenu vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 wakati wa Mwalimu Nyerere kwa msaada wa Uswidi, vimetokana na mfano huo huo, kwa hiyo mwenyeji wenu ni ndugu wa ukoo mmoja, ingawa yeye amekulia kwenye baridi. Mpaka leo vyuo hivyo vya Uswidi havitozi ada ya masomo, ingawa mwanafunzi hulipia chakula, malazi na vifaa, na havitoi maksi za kila somo kama shule za sekondari. Tena vina kozi ya jumla kwa ajili ya watu wazima ambao hawakumaliza sekondari, ambayo humwezesha mtu kupata sifa za kuendelea na elimu ya juu. Darasa hilo ndilo linalofanana na la kwenu kuliko mengine yote, na ndimo watu wenu wanapopaswa kukaa kwa siku nyingi. Wakae waone mwalimu anafanya nini mwanafunzi asipotokea Jumatatu asubuhi: nani anampigia simu, nani anamfuata, na akirudi baada ya wiki mbili anaanzia wapi.

Ukishalipima hivyo, mwalimu wa ushonaji si mtu wa kuchekwa. Ndiye wa kwanza kwenye orodha. Yeye atakwenda akiwa na jibu lake moja mkononi, lile la watoto chini ya meza, naye atatambua haraka kuliko mwingine yeyote kipi cha wenzake kinabebeka na kipi hakibebeki. Mtu wa Kiingereza kizuri ambaye hajawahi kupoteza mwanafunzi, kwa sababu hafundishi, atarudi na Kiingereza chake kile kile.

Kuhusu lugha, tuzungumze wazi. Kule ufundishaji wenyewe hufanyika kwa Kiswidi, kwa hiyo hata wale watatu wanaojua Kiingereza watakuwa wakitafsiriwa darasani. Tofauti kati yao na mama wa cherehani ni hatua moja tu ya ukalimani. Katika watu sita mnahitaji wawili wanaojua Kiingereza barabara, wapokezane kutafsiri, na siku mtu anapotafsiri asihesabiwe kuwa ni mshiriki, kwa maana hakuna anayeweza kutafsiri, kuandika na kufikiri kwa pamoja kwa saa sita. Waulizeni pia wenyeji kama katika eneo lao kuna mkalimani wa Kiswahili wa kulipwa. Uswidi ina wakazi waliotoka Kongo na Burundi, na si ajabu mwalimu wenu akajikuta akizungumza Kiswahili mezani na mwanafunzi aliyekulia Bukavu au Bujumbura. Wafurahie mazungumzo hayo, ila msimgeuze mwanafunzi huyo kuwa mkalimani wa bure wa msafara. Naye amekuja kusoma.

Na mkuu wa chuo? Hapa huenda ukashangaa, lakini mimi ningemwacha kwenye orodha. Mtakaporudi mkitaka kubadilisha saa za masomo, kutenga chumba cha watoto, au kuruhusu mwanafunzi aliyekosa muhula kuendelea alipoishia, sahihi itakayohitajika ni yake, na bosi aliyeona jambo kwa macho yake hahitaji kushawishiwa kwa ripoti. Nenda kwake faraghani, si kikaoni, na umpelekee swali la safari kama rasimu unayoomba aiboreshe. Mwombe akubali jambo moja tu, kwamba kule atakaa darasani kama mshiriki kwa siku zote 12, badala ya kutengewa ratiba ya maofisini. Mhasibu hana sababu ya kwenda. Ofisa wa wilaya naye anaweza kushirikishwa vizuri zaidi Februari, wageni watakapokuja, ambapo uwepo wake utakuwa na kazi ya kweli. Nafasi hizo mbili wapeni wawezeshaji wanaofundisha, na mmoja wao awe kijana ambaye bado ana miaka ishirini ya kazi mbele yake. Katika wale watatu wa Kiingereza, chagueni wawili wanaoingia darasani.

Juni ikataeni kabisa. Kozi ndefu za vyuo vya wananchi vya Uswidi huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika mapema Juni, na katika wiki mlizochagua nchi nzima huwa katika sikukuu ya katikati ya kiangazi, ambayo mkesha wake huangukia Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Mtakuta majengo mazuri, nyasi zilizokatwa vizuri, na mlinzi wa kuwafungulia milango. Nendeni katikati ya Septemba, wakati wanafunzi wapya ndio wanazoea na wengine wanaanza kusita, yaani wakati tatizo lenu lenyewe linapoonekana kwa macho. Najua kuwa wakati huo nanyi mna masomo. Pangeni zamu za kushikilia madarasa mapema, na gharama ya wanaobaki iingizwe kwenye bajeti, kwa sababu mwenzako aliyebeba vipindi vyako wiki mbili bila shukrani hatakusikiliza ukirudi na mawazo mapya.

Nyaraka ndizo zitakazokula muda wenu mwingi kuliko mnavyofikiri. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ya Tanzania inalipiwa shilingi 150,000, lakini kinachochelewesha watu si fedha, ni majina. Mama aliyeandikwa Mwanahawa kwenye cheti cha kuzaliwa na Hawa kwenye kitambulisho cha taifa atahangaika na kiapo kwa wiki kadhaa kabla hata fomu haijapokelewa. Mwambie alete vyeti vyake vyote wiki hii, mkae navyo mezani, msome jina kwa jina, herufi kwa herufi. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Watumishi wa serikali miongoni mwenu waombe kibali cha kusafiri nje ya nchi mara tu mwaliko wenye tarehe utakapofika, kwa maana barua hiyo hupita meza nyingi.

Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Uswidi ikiwemo, huombwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima igharamie matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Kwa kawaida uamuzi huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45, kwa hiyo msikate tiketi zisizorudishika. Asiyewahi kuchukuliwa alama za vidole kwa viza hiyo lazima aende mwenyewe kupeleka maombi; nauli na malazi ya jijini kwa watu sita yawekwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Hapo nina onyo. Nimeona waombaji wakikopa fedha kwa ndugu na jamaa, wakazijaza kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuchukua taarifa ya benki, wakidhani ndivyo viza inavyopatikana. Anayesoma taarifa hiyo ameshaona mamia ya namna hiyo, na shaka huanzia hapo. Mwalimu wenu asiye na hati ya mshahara aeleze ukweli wake: barua ya chuo inayosema amefundisha miaka 14, analipwa kiasi gani kwa mkataba na anasubiriwa darasani tarehe fulani, nakala ya mkataba wenyewe, vyeti vya familia yake, na barua ya wenyeji inayomtaja kwa jina, inayosema nani analipa nini, na kwamba anakuja kujifunza na kubadilishana uzoefu bila malipo ya kazi. Kila mwombaji huamuliwa peke yake, na inawezekana mmoja akakataliwa. Kubalianeni mapema nani ni wa akiba, na huyo naye aandaliwe nyaraka zote.

Kwenye ratiba, taasisi tisa zifanyeni mbili. Siku nane za kazi zitumike katika chuo kilichowaalika, na siku moja katika chuo kingine cha jirani ili muwe na cha kulinganisha. Ombeni pia jioni mbili za kukaa kwenye vikundi vya kujifunza, ambavyo kwa Waswidi ni jambo la kujivunia tangu Oscar Olsson alipoanzisha cha kwanza mjini Lund mwaka 1902: watu wachache wanakutana baada ya kazi kuzunguka kitabu au jambo moja, bila mwalimu wa kusimama mbele. Kila alasiri ya pili iachwe tupu kwa ajili ya kuandika. Nami nimejifunza kwa shida kwamba nusu saa ya kila jioni, watu sita wakiwa wamekaa chumba kimoja na kila mmoja akisema jambo moja lililomshangaza na moja asilolikubali, ina faida kuliko ziara yoyote ya mchana.

Msiende mikono mitupu vilevile. Kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikasoma kitabu pamoja, vikajadiliana, kisha vikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ni wachache mno Ulaya waliowahi kuendesha vikundi vya kujifunza kwa ukubwa huo. Ombeni saa mbili katika wiki ya pili muwasimulie, na mama wa ushonaji aonyeshe namna anavyofundisha kukata gauni kwa karatasi ya saruji. Karatasi hizo azikunje azitie kwenye sanduku kabla ya vitu vingine vyote. Maembe ya zawadi ayaache nyumbani, kwa kuwa bila cheti cha afya ya mimea yatanyang'anywa uwanjani, na nyama na maziwa vivyo hivyo.

Posho. Kama wenyeji wanalipa chakula na malazi, basi chuo hakina sababu ya kulipa posho kamili ya kujikimu juu yake, na mtu anayesema hataki kwenda bila hiyo mwachieni nafasi yake apewe mwingine. Hata hivyo msiwaache watu bila senti. Toeni kiasi kidogo cha matumizi madogo, kilicho sawa kwa mkuu na kwa mwalimu wa mkataba, na kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla majina hayajapitishwa. Wajue pia kwamba Uswidi hutumia krona wala si yuro, na kwamba maduka na mabasi mengi hayapokei noti. Wawili kati yenu wawe na kadi za benki zilizofunguliwa kwa matumizi ya nje. Kama kuna asiyekula nguruwe, wenyeji wajulishwe sasa, asije akaishi kwa mkate na siagi kwa siku 12 kwa kuona haya kuuliza.

Ripoti usiiandike peke yako. Kila msafiri, kabla hajaondoka, ataje jambo moja atakalolijaribu katika darasa lake ndani ya mwezi mmoja wa kurudi, na tengeni fedha kidogo kwa majaribio hayo, hata kama ni ya kununua mkeka na vikombe vya uji kwa watoto wa wanafunzi. Wageni watakapofika Februari, wasiwekewe ngoma na mbuzi peke yake. Waingizeni kwenye madarasa yenye majaribio hayo, wakae kwenye viti vya nyuma, waulizwe wanaona nini. Na kabla ya kamera kutolewa, wanafunzi waulizwe kama wanakubali kupigwa picha, hasa wale wenye watoto.

Kesho asubuhi fanya mawili kabla ya chai ya saa nne. Waandikie wenyeji barua fupi yenye swali lenu, ukiwauliza kama katikati ya Septemba kozi yao ya jumla itakuwa darasani. Kisha mfuate mama wa ushonaji umwombe cheti chake cha kuzaliwa.